Butega Yenye Ilipita mu Tumbo ya Ingine

Hapana, hakunioa. Ukae kwanza, mutoto, usinitolee macho. Ile ulizo naiona inakuzunguka mu mudomo tangu ulipita ku mulango na ile sakosi yako ya mugongo, na miye sipendake kuona mutu anateseka na neno sawa mwenye ameuma kiazi ya moto. Baba yako hakunioa, hakunizalisha, na hii nyumba ya mbao ku ziwa haiko yee njo aliijenga. Sasa unaweza kunywa chai. Habari ya kifo chake umenipasha muzuri sana, na ile sauti wanawafundishaka ku masomo, ile yenye kushuka pole pole sawa mutu mwenye kubeba mayai: "Mama Sifa, ni na huzuni nakuambia, Papa alituacha." Eh! Hata kifo kwenu kinavaaka viatu. Hapa Bweremana mutu akikufa wanapiga ku dirisha wanasema: "Fulani amekufa, leta kuni." Halafu ukafungua ile plastiki, ukaniwekea ku magoti tubutega saba tumeshikana sawa munyororo, tumekauka mupaka tunalia kha kha, na kakaratasi. Miye sisomake. Weye ulinisomea: "Sifa, Kirolirwe." Maneno mbili, basi. Unaniambia alizichunga hizi miaka yote mu kisanduku chini ya kitanda, na hakuambiaka mutu ni za nini, na umezunguka Masisi yote kuuliza Sifa ni nani. Muzuri. Alichunga butega. Na miye, nani alinichunga?

Mwaka gani, usiniulize. Sina tarehe miye, niko na vitu vyenye nilikula. Ni mwaka yenye ngombe ya Kirolirwe walienda bila kuaga, mwaka yenye tulikula viazi bila chumvi, kisha sombe ya majani ya mihogo bila mafuta, kisha tukakula maneno ya baba yako. Nilikuwa musichana mwenye shingo ndefu, usicheke, ilikuwa ndefu kweli, na nilikuwa naishi kwa Shangazi yangu. Nyuma ya jiko yake kulikuwa chumba ya fromaji, ile jibini ya maziwa ya ngombe. Ukuta yote ilikuwa na mbao toka chini mupaka juu, na mbele ya vita fromaji zilikuwa zinalala juu ya zile mbao sawa watoto wachanga ku maternité, na kila asubui tulikuwa tunageuza moja moja na kuzipanguza na chumvi. Ngombe ilipoenda, maziwa ikaenda, fromaji ikaenda, ikabakia harufu tu, harufu ya soksi ya padri. Mu ile harufu njo walimulaza baba yako. Alikuya kuzika mama yake, jirani yetu, alisema juma moja, na nyuma yake barabara ikajifunga sawa mulango yenye imesukumwa na upepo. Alikuwa asistanti ku iniversite, kule mbali, na ku kilima yetu jina ikawa ile ile, Asistanti. Wazee walimuuliza: "Asistanti, weye unasaidiaka nani?" Yee akajibu: "Nasaidia profesere." Wazee wakaangaliana. "Pole sana. Iko na ugonjwa gani?"

Makaratasi yake aliyaweka juu ya zile mbao ya fromaji. Kila asubui nilipokuya kufagia, hapana, nasema uongo, nilikuwa nafagia mara tatu kwa siku, nilimukuta anafanya ile kazi yetu yenyewe: anatwaa moja, anaiangalia tumbo, anaigeuza, anairudisha. Nikamwambia: "Asistanti, usisahabu chumvi." Akacheka. Baba yako alikuwa na kicheko ya mutu mwenye kuomba ruhusa, hi hi, kisha anakamata mudomo na mukono. Weye uko nayo, nimekusikia pale inje unasalimia majirani.

Juu ya kichwa chake, ku musumari, kulikuwa butega yangu. Weye mutoto wa muji, nikuelezee. Butega ni pete ndogo ya nyuzi ya majani, inasukwa bila mwanzo wala mwisho, wanawake wa kwetu walikuwa wanazivaa ku miguu mafungu mafungu, na kama mwanaume anataka musichana, familia yake inaleta butega pamoja na mbuzi. Mbuzi inakuliwa. Butega inabakia, njo inasema weye uko wa mutu. Zile zilikuwa za mutoto wa Papa Bauma, wakulima wa kilima ya ngambo, watu wa viazi na wa kanisa, mwanaume mwenye mabega na mwenye kunyamaza. Sikumuchukia. Nilikuwa namuona sawa mutu anaona mvua ya kesho, itakuya tu. Siku moja Asistanti akainua kichwa, akaniuliza: "Hizi ni nini?" Nikamwambia. Akauliza: "Unaweza kuzitenganisha? Unaweza kusema hii njo ya kwanza, hii njo ya pili?" Nikamujibu: "Nani anaweza? Ukifumba macho yangu ukabadilisha fasi yake, sitajua kitu." Baba yako akasimama mupaka akagonga kichwa ku mbao. "Voilà!" asema, "Voilà, Sifa! Njo hiyo kazi yangu yote!" Nikajiambia, maskini, iniversite imemuharibu.

Lakini alinielezea. Na miye nakuambia, kwa zile siku hakuna mutu mwingine aliyenielezeaka kitu mu maisha yangu bila kunituma kuteka maji kisha. Alisema vitu vyote ya dunia vimefanywa na tupunje tudogo, tunafanana sawa butega. Ukibadilisha mbili, hii hapa, ile pale, dunia iko na majibu mbili tu. Kuko tupunje dunia inakujibu: "Sijaona kitu." Na kuko tungine dunia inajigeuza ndani inje, sawa kitenge umevaa upande mubaya, rangi ni ile ile, lakini imegeuka, ubadilishe tena mara ya pili, inarudi vile ilikuwa. Wa kwanza wanakubali kukaa wote fasi moja, sawa watu mu kamyo ya soko. Wa pili hapana, mu fasi moja anakaa mumoja. Nikasema: "Sawa wake-wenza mu jiko." Akaandika ile. Kweli, nilimuona akaandika. "Lakini miye," asema, na hapa sauti yake ilikuwa inashuka sawa mutu anasema juu ya mwanamuke, "miye sitafute tupunje. Natafuta duara." Na akaniambia neno yenye sijasahabu. Alisema watu wanafikiri fasi ni sawa chumba, na vitu inawekwa ndani. Hapana. Mu elimu yake fasi yenyewe njo kitu. Inasukwa. Na penye inasukwa inaweza kujikunja, ikabakia pale sawa kifundo mu kitenge. Ile kifundo haikai juu ya kitenge, ni kitenge yenyewe. Nikaangalia inje, ile majani ya Kirolirwe bila ngombe hata moja, na nikaelewa kuliko vile alifikiri naelewa. Kuko mahuzuni yenye haiko mu fasi, ni fasi yenyewe imejifunga.

Sasa kazi ilikuwa hii. Tupunje mbili zikibadilishana, inapita kando kando, hakuna njia ingine. Lakini duara mbili! Moja inaweza kupita kando ya yenzake, ao inaweza kupita mu tumbo yake. Na ikipita mu tumbo, dunia inajibu nini? Sijaona kitu? Nageuka? Ao kitu ya tatu yenye haina jina? "Njo pale wakubwa wanapigana," asema, na akanionyesha karatasi mingi za duara zenye alichora, na miaka mbili yenye hesabu yake ilikuwa inakataa kufunga. Nikachukua butega mbili ku musumari. Nikafinya moja, nikaipitisha mu tumbo ya ingine, nikaizungusha inje, nikairudisha fasi yake. "Unaona," asema, "iko vile ilikuwa. Hakuna kitu imebadilika, na hesabu yangu inasema kuko kitu imebadilika. Njo ugonjwa yangu." Miye nilikuwa nasuka vikapu tangu nikiwa na meno ya maziwa. Nikamwambia: "Asistanti, ulisema hizi duara ni fasi yenyewe. Kitu yenye ni fasi haiwezi kutembea bila mukia. Ngoja." Nikafunga uzi ku kila butega, mwisho ya uzi nikaifunga ku musumari. Nikarudilia. Moja ikapita mu tumbo ya ingine, ikazunguka, ikarudi fasi yake. Mbili zote zimekaa vile zilikuwa zimekaa. Lakini uzi, mutoto! Uzi ilikuwa inapita katikati ya tumbo ya ile ingine. Baba yako akavuta ule uzi na kidole, pole, ting, sawa mutu anagusa gitari. Hakucheka. Akaketi juu ya kitanda, akasema: "Sifa, weye ulitoka wapi?" Na miye, mujinga mwenye shingo ndefu, nikajibu: "Ku jiko."

Miaka mingi kisha nilirudi Kirolirwe. Kilima ni ile ile, ngombe wapya, majani ileile, watu wakaniambia: "Sifa, haujabadilika!" Nikawaangalia. Kila mutu mwenye alirudi alikuwa amekaa mu fasi yake ya zamani sawa butega ku musumari, na hakuna mwenye alikuwa anaona nyuzi zetu zilipita mu tumbo ya nani. Ile nilijifunza mu chumba ya fromaji, na haijanisaidia kitu.

Basi ikakuya siku ya wembe. Alikuwa anajiuliza juu ya duara zenye zimeshikana tangu mwanzo, hii ndani ya ile, kama nazo zinabadilishana namna gani. Alizichora, akafuta, akachora. Akaangalia butega. Akaniangalia. Usikie muzuri hapa, juu weye ni mutoto yake na unapashwa kujua mutu: baba yako hakuniambiaka "Kata." Hata siku moja. Alisema tu, na macho ku karatasi: "Ingekuwa vizuri kuona." Watu wa masomo wanajua kuomba bila kufungua mukono. Miye njo nilitafuta wembe. Miye njo nilikata ya kwanza, na ilitoa kasauti sawa jino, na nikaiingiza mu ya pili, nikashona mwisho zake. Kisha ya tatu. Nilijua. Usifikiri sikujua. Butega yenye imekatwa haiko tena butega, ni majani, hauwezi kuivaa wala kuirudisha kwa wenye walileta. Lakini yee alikuwa ameinama karibu yangu, pumzi yake inanipiga ku shikio, anasema "Ndiyo, ndiyo, na sasa hii," na hakuna mutu aliyeniitaka mu kitu hata siku moja na sauti ya namna ile. Nilikata mupaka saba.

Papa Bauma alikuya asubui yenye tulisikia mabomu ku upande ya barabara. Alikuwa na wake zake wawili nyuma, mizigo ku vichwa, na kijana wake mwenye mabega pembeni. Nilikuwa namenya viazi. Mzee akasimama mu kiwanja, hakuingia, na ile sauti yake ya kanisa yenye kupanga kila neno sawa matofali: "Mama, tunashuka Sake. Vita haingojake mutu. Mupatie kijana musichana wake sasa tuende naye, ao mutupatie butega yetu, na Mungu awachunge." Shangazi akajibu haraka haraka, sauti yake ilikuwa sawa kuku mwenye kuona mwewe: "Papa Bauma, musichana iko tayari, musichana iko tayari, ngoja tu nifunge butega wazee wazione, kusikuwe maneno kisha." Akaingia mu chumba ya fromaji. Alitoka na ule munyororo unaninginia ku mukono wake sawa utumbo ya mbuzi. Papa Bauma hakupiga kelele. Akautwaa, akautazama kitanzi kwa kitanzi, akauliza: "Nani alikata?" Nikasimama na kisu ya viazi. "Ni miye, Papa." Akauliza tena, na hapa sauti ikamupotea kidogo: "Ulikuwa hautake kijana, ungesema." Nikasema: "Haiko vile. Tulikuwa tunatafuta kuona..." Kuona nini? Umuelezee mutu mwenye mabomu inalia nyuma yake duara ya fasi yenye kujikunja? Baba yako alikuwa ku mulango wa chumba, na karatasi ku mukono. Akaikunja mara mbili. Mzee akarudisha munyororo mu mukono ya Shangazi, pole sana, sawa kitu ya mufu. "Mutoto mwenye kukata butega," asema, "atakata na nyumba. Tuende." Yule kijana aliniangalia, na ilikuwa mara ya kwanza naona iko na macho mazuri. Na Shangazi, mbele mavumbi yao haijakaa chini, akatupa munyororo, akanigeukia: "Fuata mwenye ulimukatia. Hapa sina chumba ya musichana wa namna yako." Asistanti aliokota ule munyororo chini, akaupanguza, akauingiza mu mufuko wa suruali. Akaniambia: "Walikale kuko phonie, ile radio ya kuita mbali. Nikipata profesere, ataturudisha. Wote wawili, Sifa. Jina yako itaandikwa pamoja na yangu." Basi. Kuanzia ile siku nilikuwa na kitu moja tu mu dunia, na ilikuwa ile neno, wote wawili.

Tulitembea. Tulipita Masisi, tukashuka kuelekea pori, siku mingi, na mvua ya Walikale haijue kupumuzika. Makaratasi niliyaweka mu sufuria, juu yake jani ya ndizi, juu yake sombe ya kupika, juu tena kifuniko, juu ya kichwa. Kufika ku barrière moja, penye wanafunga barabara, askari mwenye meno ya kahawia akafungua, akaingiza mukono mu sombe mupaka chini, akatoa karatasi. "Hizi duara ni nini? Eh? Ni mashimo ya zahabu? Munapeleka ramani kwa nani?" Nikajichekesha, nikafanya sauti ya mujinga wa kijiji, ile niko nayo mupaka leo: "Iii, Papa Komanda! Ni dessin, michoro ya vikapu, miye njo musukaji. Hii duara inapita huku, hii huku. Huyu ni mwandishi yangu tu, miye sijue kuandika na bic." Askari akamuuliza: "Kweli?" Na baba yako akajibu haraka sana: "Kweli kabisa, Chef. Kazi ni yake. Miye naandika tu." Tukapita. Nilicheka mupaka mbali mu pori, na yee akacheka, hi hi, mukono ku mudomo, na tulikula ile sombe yenye mukono ya askari na ilikuwa tamu.

Tukafika Omate, mu pori ya Walikale. Ni kule kwa wachimbaji wa zahabu, na ile wakati ilikuwa matope, miziki na nyumba za shitingi, ile plastiki ya kufunika. Nyumba yetu ilikuwa na vitanda mbili ya miti na katikati pazia ya kitenge yangu, uandike ile pia, pazia ilikuwa, juu yee alisema tungojee mupaka kazi imalizike, phonie kisha, ndoa kisha, ili tufanye mambo muzuri. Mulangoni nilikuwa napika maharagi na mihogo kwa wachimbaji, na ile njo ilitulisha. Yee alikuwa anakaa nyuma ya moto, anaandika juu ya mifuko ya simenti. Wachimbaji walikuwa wanamupenda na kumutesa. "Asistanti," wanasema na ile sauti ya mutu mwenye kutoka mu shimo, "leo umepata gramu ngapi?" "Bado." "Endelea kuchimba, bwana, mushipa iko karibu!" Na kweli ilikuwa sawa wao. Aliamini kama ukipitisha duara mu tumbo kisha ukazibadilisha kando, ao uzibadilishe kwanza kisha ndiyo upitishe, dunia itakujibu jibu moja. Ukurasa yote ilisimama juu ya ile. Na hesabu inakataa kufunga, anachana mifuko, anakataa kula. Siku moja alisukuma sahani yangu ya maharagi mupaka ikamwangika mu matope. Nikakasirika. Nikatwaa kamba ya liana, nikafanya duara tatu, nikafunga mikia ku muti wa nyumba. "Angalia weye mwanaume mwenye kumwanga chakula. Kwanza napitisha, kisha nabadilisha. Mukia inapita mu tumbo ya nani? Ya hii. Sasa nafungua. Kwanza nabadilisha, kisha napitisha. Mukia inapita mu tumbo ya nani? Ya ile! Kila mwenye kusuka anajua ile, ukianza na mukono wa kushoto kikapu kinakuwa kingine. Weye unataka kitu mbili zikuwe moja juu zinafanana ku macho." Alirudilia mwenyewe na vidole vyake, mara moja, mara tano. Wachimbaji walikuwa wanangoja maharagi, sahani ku mukono. Halafu akaingia nyuma ya pazia na nikasikia analia. Siku tatu aliandika bila kusimama. Hesabu ikafunga. Akatoka, uso wake ulikuwa sawa mutu ametoka mu malaria, akanikamata mikono yangu yenye mafuta ya mawese mbele ya watu wote, asema: "Sifa, weye njo ulifungua mulango. Tukifika kule kila mutu atajua." Na wachimbaji wakapiga makofi, walifikiri ananioa.

Miye pia.

Phonie ilikuwa mu duka ya Papa Kambale, mutu wa Butembo, mukatoliki mwenye rozari ku shingo, mwenye kuuza sabuni, sardini na fasi mu kamyo. Phonie, weye haujaiona, ni radio yenye kusema na mbali: unafinya mikrofoni unasema, unamaliza na "à vous", unaachilia, na mwenye iko kule anajibu. Inapiga kelele, na kila mutu mwenye iko mu duka anasikia pande zote mbili. Siri ya phonie ni siri ya soko. Siku tatu tulienda tukarudi. Papa Kambale, na sauti yake ya misa, pole pole: "Mungu iko mukubwa, mwanangu, lakini phonie iko na mustari." Siku ya ine, saa sita ya muchana, zamu yetu ikafika. Nilikuwa nimefua kitenge yangu, ile ya pazia, nimeivaa. Sufuria niliiuzia jirani yangu asubui, nilijua siirudilie. Mu duka kulikuwa watu sawa kumi na tano, kunanuka sabuni na samaki ya chumvi, na mama moja muuzaji wa mihogo alinishika mukono asema: "Njo leo, dada? Aksanti Mungu."

Profesere alitoka mu ile radio sawa mutu anasema toka chini ya maji. Walianza na kifaransa, lakini kifaransa kilikuwa kinazama, wakaingia mu kiswahili. "Déo! Uko muzima kweli? À vous." "Muzima, Professeur. Nimemaliza kazi. Duara hazijibu moja. Kila kitu kinatoka ku kupanga, nini kwanza nini kisha. À vous." Radio ikavuma muda murefu. Halafu sauti yake ikarudi, imebadilika, sawa ya mutu mwenye amesimama: "Rudilia. Ni weye uliona hiyo? À vous." Baba yako akafinya: "Niliona, Professeur. À vous." Nikajiambia, labda mu phonie hakuna fasi ya majina mawili. Nikajiambia, atasema kisha. Yule mama wa mihogo alinifinya mukono.

"Sikiliza muzuri," profesere asema. "Juma hii kuko kandege kanatua ku barabara ya Walikale. Nikiomba fasi mbili, watanipatia mbili. Umefanya na mutu? Kama uko na mwenzako wa kazi niandike naye pia, huko kwenye muko hakuna mutu anabakia muzima. Niandike jina moja ao mbili? À vous." Duka yote ikanigeukia. Kumi na tano wote, na Papa Kambale ameacha kuhesabu rozari, anatikisa kichwa ananichekea, na mama wa mihogo ananisukuma ku mbavu ili nisogee karibu ya mikrofoni. Nikasogea. Baba yako alikuwa amekamata ile kitu na mikono mbili. Hakuniangalia. Aliangalia karto ya sabuni yenye ilikuwa mbele yake, aliiangalia sawa mutu anasoma, akafinya, na sauti yake ilikuwa safi kabisa, haikutetemeka hata kidogo:

"Jina moja, Professeur. Huku iko tu mwanamuke mwenye ananipikiaka. À vous."